Deki Yenye Diski Ngumu: Ijue Kazi Yake Kabla ya Kuinunua



Saa mbili usiku ni saa yenye kazi nyingi katika nyumba zetu. Ndiyo saa ya taarifa ya habari, na ndiyo saa hiyo hiyo ya kupakua chakula, kuwaogesha wadogo na kumpa dawa aliyeshinda na homa. Baba na watoto wakubwa wako mbele ya televisheni, nasi twasikia sauti tu kutoka jikoni. Kipindi cha malezi au cha afya ya mtoto, ambacho tungependa sana kukiona, kinakwisha tukiwa bado tunasuuza sufuria.

Kwa hiyo si ajabu kwamba wengi wetu huvutiwa tunapoambiwa kuwa iko mashine inayonasa kipindi yenyewe, bila mkanda, na kutuwekea mpaka tupate nafasi. Ni kweli iko, na ni msaada mkubwa. Lakini si kitu cha bei ndogo. Fedha hiyo ingeweza kulipa ada ya shule au kununua kitanda cha watoto. Basi yafaa mama na baba wakae pamoja waelewane kwanza: tunaitaka kwa kazi gani?

Diski ngumu ni kitu gani?

Deki tulizozizoea zilitumia mikanda. Mikanda ya VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976 na kampuni ya JVC, na mkanda wa kawaida huku kwetu ulichukua saa tatu. Ukijaa, unatafuta mwingine, au unanasa juu ya kitu cha mwenzako na ugomvi unaanza. Mwaka 1999 huko Marekani zilianza kuuzwa mashine za TiVo na ReplayTV, ambazo hazikuwa na mkanda kabisa. Uingereza walipata Sky+ mwaka 2001. Katika nchi zetu wengi waliijua kazi hii kwa ving'amuzi vya kulipia, kama Explora ya DStv iliyotoka mwaka 2013. Deki za mikanda nazo zimefika mwisho: Funai ya Japani, iliyokuwa bado ikizitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Diski ngumu ni sahani za duara zilizofungiwa ndani ya kasha, kama zile za kompyuta. Huzunguka mara 5,400 au zaidi kwa dakika moja, na kichwa kidogo huandika na kusoma juu yake bila kuzigusa. Nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko unywele. Kwa sababu hiyo mashine hii haipendi kuangushwa, kusukumwa ikiwa inafanya kazi, wala kukatiwa umeme ghafla.

Faida zake ni nyingi. Mtoto akilia, unasimamisha kipindi kwa rimoti, unamtuliza, unarudi na kuendelea pale pale ulipoachia. Unaweza pia kuanza kuangalia mwanzo wa kipindi wakati mwisho wake bado unanaswa. Tena hakuna mikanda ya kutafuta chini ya kochi.

Kazi mbili zisizofanana

Hapa ndipo wengi hukosea. Kunasa kuna kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuangalia kwa wakati wetu. Kipindi cha mapishi, taarifa ya habari, mpira wa baba, katuni za watoto: vyote hivi tunavinasa, tunaviangalia, tunavifuta. Kwa kazi hii diski ni kama kapu la sokoni. Linajazwa, linamwagwa, na kesho linajazwa tena.

Kazi ya pili ni kuhifadhi kumbukumbu. Hapa tunazungumzia mkanda wa harusi, ubatizo wa kifungua mimba, bibi akisimulia jinsi alivyoposwa. Hivi ni vitu vya kuwekwa sandukuni na kurithiwa.

Taabu huanza mama anaponunua kapu akidhani amenunua sanduku. Jirani yetu mmoja alinakili mkanda wa sendofu yake kwenye diski ya mashine mpya, kisha akautupa mkanda wenyewe kwa kuwa ulikuwa umeanza kuota ukungu. Katika mkanda ule alikuwamo mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu, akimpa mausia mbele ya wageni. Mwaka uliofuata diski ilianza kutoa mlio wa kugonga, na siku chache baadaye haikuwaka. Fundi alibadilisha diski na mashine ikafanya kazi vizuri kama mwanzo. Sauti ya mama haikurudi.

Kila diski ngumu ina siku yake ya kufa, hata ya bei kubwa. Kitu tusichotaka kukipoteza kisikae mahali pamoja tu.

Ikiwa unataka kuangalia kwa wakati wako

Kinachokufaa ni king'amuzi chenye diski ndani. Angalia kwanza kinaweza kunasa vipindi vingapi kwa mara moja. Vingine vikinasa stesheni moja, ndiyo hiyo hiyo mtakayoiangalia wote, na hapo amani ya nyumba itategemea mpira una dakika ngapi. Kinachopokea stesheni mbili au zaidi kwa pamoja ni bora kwa nyumba yenye watu wengi.

Pili, uliza habari ya ada. Ving'amuzi vya kulipia hufunga vipindi kwa siri, hivyo diski ikitolewa na kuwekwa kwenye mashine nyingine haisomeki. Uliza waziwazi: mwezi tusipolipa, vile tulivyonasa vitafunguka? Na je, kuna malipo ya ziada kwa ajili ya kunasa? Usitosheke na jibu la "hakuna shida, mama". Omba uonyeshwe palipoandikwa.

Tatu, fikiria njia ya bei nafuu. Viko ving'amuzi vya kawaida visivyo na diski ndani, lakini vina tundu la USB na vinaweza kunasa kwenye flashi au diski ya nje. Nenda na flashi yako dukani, wanase dakika mbili, kisha wakuonyeshe. Televisheni nyingine za kisasa nazo hunasa hivyo, ila mara nyingi kilichonaswa huonekana kwenye televisheni hiyo hiyo tu. Kwa vipindi vya kuangalia na kufuta, hilo halina neno.

Ikiwa unataka kuhifadhi kumbukumbu

Hapa king'amuzi hakifai. Inatakiwa deki yenye diski ngumu pamoja na mlango wa DVD, na yenye matundu ya kuingizia picha kutoka mashine nyingine: la njano kwa picha, jeupe na jekundu kwa sauti. Unaunganisha deki ya zamani ya mikanda, unacheza mkanda, na ile yenye diski inanasa. Kazi hii huchukua muda ule ule wa mkanda. Mkanda wa saa tatu ni saa tatu. Ukishamaliza unakata sehemu zisizotakiwa, kisha unaandika kwenye DVD. Mwishoni iko amri ya kuifunga DVD ili isomeke kwenye mashine nyingine. Wengi huisahau, na DVD ikifika kwa shangazi haichezi.

Jambo la kuangalia kuliko yote ni njia ya kutokea. Mashine inayopokea picha lakini haina namna ya kuzitoa itazifunga humo siku zote.

Tena tusidanganyane. Ikiwa una mikanda mitatu au minne tu, huenda ni nafuu kumlipa fundi mwenye kompyuta akunakilie. Mwambie akupe nakala kwenye flashi na nyingine kwenye diski ya nje, uziangalie mpaka mwisho kabla ya kuondoka. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine, maana moto au mwizi havichagui. Mkanda wenye ukungu mweupe usiuingize kwenye deki, utaharibu vichwa na mikanda mingine itakayofuata. Mpelekee fundi ausafishe kwanza. Wala usiitupe mikanda hata baada ya kunakili.

Ukubwa gani unatosha?

Ukubwa wa diski huhesabiwa kwa gigabaiti. Katika deki za DVD, sahani moja ya gigabaiti 4.7 huchukua kama saa 2 za picha nzuri ya kawaida. Basi diski ya gigabaiti 80 huchukua karibu saa 34, na ya 160 karibu saa 68. Ukichagua picha hafifu saa zitaongezeka, lakini nyuso zitaonekana kama zimefunikwa na chandarua. Kwa vipindi vya kufuta haidhuru. Kwa harusi, chagua picha bora.

Vipindi vya picha kali za siku hizi hula nafasi zaidi. Kipindi kinachotumia gigabaiti 3.6 kwa saa kitaijaza diski ya 500 baada ya saa 138 hivi. Ni nyingi kwa nyumba inayofuta, ni chache kwa nyumba isiyofuta.

Tahadhari kwa mitumba

Deki za DVD zenye diski hupatikana sana kama mitumba, na bei yake huvutia. Kabla ya kutoa fedha, geuza mashine usome nyuma. Japani hutumia umeme wa volti 100 na Marekani 120, na huku kwetu ni kati ya 220 na 240. Mashine iliyoandikwa volti 100 peke yake ukiichomeka ukutani inaungua papo hapo. Vilevile nchi hizo zilitumia mtindo wa picha wa NTSC, na mikanda yetu mingi ni ya PAL. Mashine isiyoijua PAL itakupa picha isiyo na rangi au inayorukaruka.

Pia deki za zamani zilipokea matangazo ya analojia, ambayo Tanzania ilianza kuyazima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikamaliza kuyazima mwaka 2015. Deki hiyo itahitaji king'amuzi pembeni, na itakubidi uviagize vyote viwili: king'amuzi kiwe kwenye stesheni yake, na deki ijue saa.

Kuitunza nyumbani

Wengi wetu tuna mazoea mazuri ya kuchomoa plagi zote usiku. Mashine iliyochomolewa haitanasa kitu alfajiri. Ikiwa umeme wa mtaa wenu hupanda na kushuka, nunua na stabilaiza. Zima kwanza kwa rimoti, ngoja mpaka itulie, ndipo uzime ukutani.

Na vile vitambaa vyetu vya kufuma, jamani, tuvitandike mezani na kwenye makochi. Mashine hii hupumua kwa matundu yake, na joto ni adui wa diski. Isifunikwe, wala isibebeshwe king'amuzi mgongoni.

Wekeni pia siku moja ya juma ya kufuta, labda Jumamosi jioni, kila mtu akiwepo. Mtoto asifute cha mwenzake, na baba naye asiweke mechi za mwaka mzima wakati kipindi cha mama hakina pa kukaa.

Maswali ya kwenda nayo dukani

1. Inanasa vipindi vingapi kwa mara moja?
2. Diski ni gigabaiti ngapi, na ni saa ngapi kwa picha nzuri?
3. Tusipolipa ada, tulivyonasa vitafunguka?
4. Nawezaje kuvitoa humo na kuviweka kwingine?
5. Ni volti ngapi, na inaijua PAL?
6. Diski ikifa ndani ya dhamana, nani analipa, na fundi yuko wapi?

Muuzaji akishindwa kujibu la nne na wewe una kumbukumbu za kuhifadhi, mshukuru uende duka jingine. Na kabla hata ya kwenda dukani, fungueni kabati mwezi huu mtoe mikanda ya zamani. Andikeni kila mmoja una nini na ni wa mwaka gani, maana wanaozijua sura zile bado tunao. Wale wazee wakishaondoka, hakuna mashine itakayotuambia yule aliyesimama nyuma ya bibi harusi alikuwa nani.