Saini ya Kilabuni



Wapendwa, ipo kauli inayotuudhi kila tunapoisikia hapa Karatu: "Mwacheni, ni hiari yake; mtu mzima na fedha zake." Husemwa hasa msimu wa vitunguu vya Mang'ola, fedha za jasho la miezi zinapoingia mkononi kwa siku moja, na dalali wa mashamba anajua vema ni kilabu gani akamsubiri mwenye shamba.

Hiari ipi? Ulevi wa muda mrefu huidhoofisha sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima faida na hasara na kuizuia tamaa. Chupa ya leo huwa nzito kuliko ada ya mtoto ya Januari. Kuhesabu anajua, tena vizuri. Mizani ndiyo iliyoharibika. Ndiyo maana huapa asubuhi, kwa machozi ya kweli, na jioni akarudi kulekule. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, yakiri kwamba mazoea yaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Unafuu huo haumhusu dalali anayemnywesha mwenzake huku yeye akinywa soda.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wameonja hila hii: watafiti wamekwisha kuandika jinsi fedha za utalii zinavyogeuka pombe kambini. Mgeni hupiga picha, hulipa, hupanda gari kuelekea Ngorongoro. Muuza pombe hufuata nyuma.

Tutajibiwa kwamba Serikali ilipiga marufuku viroba tangu tarehe 1 Machi 2017. Hatua njema. Iliondoa kifuko, haikumtibu aliyezoea kilichokuwamo. Na wale wanaomwamuru mlevi sugu "acha leo leo" wafahamu kwamba akikatisha ghafla aweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Apelekwe hospitali, sala iende pamoja naye.

Sheria ya Mikataba hudai akili timamu kwa kila anayeingia mkataba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, humkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Basi mwenyekiti wa kitongoji anayegonga muhuri saa nne usiku asituambie kuwa alikuwa shahidi tu. Nanyi akina mama, mkisikia mauziano ya namna hiyo, nendeni Baraza la Kata asubuhi yake. Msingoje mzee aamke.