Tembea bila ya shughuli

Pita alfajiri njia ya mikarafuuni hapa Kengeja ukiwa mikono mitupu, huna panga wala pakacha. Wa kwanza kukutana naye, baada ya salamu, atakuuliza: "Wenda wapi?" Mjibu kwamba unatembea tu. Atakutazama kama mtu aliyeanza kupotewa na akili, na kabla ya adhuhuri watu wa nyumbani kwako watakuwa wameshapata habari.

Mazoea haya yanatuumiza. Sisi tunatembea sana, lakini kila safari ina kazi yake: shamba, pwani, kuni, maziko. Miguu inakwenda, moyo umebeba mzigo ule ule. Mwenye fikra nzito huambiwa akae barazani apate mazungumzo. Baraza ni nzuri, siikatai, ila nusu ya fikra zenyewe tunazipata huko huko.

Mwaka niliofiwa na mama, usingizi ulinikimbia na presha ikapanda. Daktari alinipa vidonge, na ninavimeza hadi leo. Usingizi uliporudi, ulirudi kwa kutembea. Kipupwe kile, kila baada ya sala ya alfajiri, nilishika njia ya chini ya mikarafuu mpaka ukingoni mwa mikoko, kisha nikarudi. Wiki ya kwanza nilikuwa nikihesabu madeni njia nzima. Ya pili nikaanza kuusikia upepo wa kusi minazini. Sikumbuki ni siku gani niliyoacha kuhesabu.

Wenzetu wa Japani jambo hili wamelipa jina. Mwaka 1982 idara yao ya misitu ilianza kuhimiza watu "kuoga msitu", yaani kutembea polepole chini ya miti. Watafiti wao walipowapima waliotembea msituni na waliotembea mjini, wa msituni walionekana na presha na mapigo ya moyo yaliyo chini zaidi. Kanada na Norwe watu hufunga miguuni viatu vipana visivyozama kwenye theluji, wakaingia msituni katikati ya baridi kali ili roho itulie. Baridi yetu sisi ni kipupwe, na bado tunajifungia ndani!

Huhitaji nauli ya kwenda msitu wa Ngezi, kule kaskazini ya kisiwa. Mikarafuu inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki; nusu saa kwa siku 5 umezitimiza. Simu iache nyumbani. Vaa viatu, maana mabuu ya safura huingilia kwenye ngozi ya nyayo, na usikatize vijito kwa miguu, kichocho hakijatuacha. Mwenye presha asiache dawa zake. Na huzuni ikipita wiki 2, mtu hali wala halali, apelekwe hospitali. Hapo miti peke yake haitoshi.

Akina mama wana kizuizi kikubwa zaidi. Mwanamume akitembea peke yake huulizwa, mwanamke husemwa. Nendeni wawili watatu, na nyinyi waume zao kaeni na watoto hiyo nusu saa.

Nami ukinikuta njiani, nisalimie tu. Usiniulize ninakokwenda.