Mashauri ya Jamaa: Kadri kwanza, rangi baadaye



Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, vijana wengi wananiuliza juu ya kinga za milimani. Wanataka ile nyepesi, yenye resoru mbele peke yake, tena wanataka kuijenga polepole: leo kadri, mwezi ujao furshi, baadaye magurudumu. Wazo hilo ni zuri, maana mwenye kupata feza kidogo kidogo hawezi kununua kinga nzima siku moja. Lakini kadri ndiyo mifupa. Ukikosea kwa mpira, utabadilisha mpira. Ukikosea kwa kadri, umekosea kwa yote utakayofunga juu yake.

Basi mwezi huu tuseme namna ya kuchagua kadri ya okazioni katika maduka na vibanda vya Birere, mahali ambapo wengi wenu mnaotoka Rubaya, Numbi ama Walikale mnafika kutafuta vyombo.

Kwa nini bila resoru nyuma?

Kinga ya bei ndogo yenye resoru nyuma inapendeza macho. Walakini resoru ile ina uzito, ina viungo vingi, na viungo vinalegea. Katika vumbi letu na juu ya mawe ya lava vinaanza kulia upesi. Tena ukipanda mlima, sehemu ya nguvu ya miguu inapotea kwa kubonyeza resoru badala ya kusukuma gurudumu. Kadri ngumu nyuma haina shida hiyo.

Wala msione haya juu yake. Waliozianzisha kinga hizi huko California, Marekani, miaka ya 1970, walitelemka milima kwa kadri ngumu za chuma. Mmoja wa mafundi wa kizazi kile, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005, na mwaka 2006 akasaidia kuanzisha mashindano ambayo hata baiskeli za mbao za wanavijiji zilishindana. Mwaka 2012 Mnyarwanda Adrien Niyonshuti aliendesha kinga ya milimani katika Olimpiki ya London. Barabara ni ndefu, lakini inaanza kwa kadri iliyo nzima.

Wepesi unauzwa bei gani?

Tufanye hesabu. Kadri nzuri ya alimini ina uzito wa karibu kilo 2. Ya chuma cha kawaida inaweza kufika kilo 3 na zaidi. Tofauti ni kilo moja, sawa na litri moja ya maji. Kijana wa kilo 65 juu ya kinga ya kilo 14 anafanya kilo 79. Kilo moja katika 79 haifiki sehemu 2 kwa 100. Ni kitu, sikatai. Mwenye kupanda kutoka Sake kwenda Masisi atakisikia. Lakini si kitu cha kulipia feza mara mbili. Kama feza zimebaki, mpira mwepesi na janti nyepesi zitakusaidia zaidi, maana kinachozunguka kinachosha miguu kila unapoanza kuondoka.

Tazameni chukudu zetu. Ni mbao nzito, na zinabeba mamia ya kilo, kwa sababu zinatengenezwa kwa nguvu kwanza. Kwa mawe yaliyoletwa mjini na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, kitu chepesi kilicho dhaifu hakidumu.

Alimini ama chuma?

Chukua sumaku ndogo mfukoni, hata ile ya spika iliyokufa. Kwenye chuma itashika, kwenye alimini haitashika. Muuzaji atasema, "Mukubwa, hii ni alimini ya Poto, iko nyepesi sana." Usibishane naye. Weka sumaku tu.

Alimini ni nyepesi: kwa ukubwa ule ule, uzito wake ni karibu sehemu moja ya tatu ya chuma. Ndiyo sababu mabomba yake yanafanywa manene, ili yasipinde. Haiozi kwa kutu kama chuma. Lakini inachoka. Kila tikiso linaiongezea uchovu, na siku ya kuvunjika inaweza kuvunjika bila kutoa habari. Tena ikipasuka, fundi wa jirani mwenye mashine ya kuunga vyuma hawezi kuirudishia nguvu yake. Alimini ya kadri inataka mashine ya namna nyingine, na nyingi baada ya kuungwa zinapaswa kupikwa kwa moto uliopimwa. Ukiona kadri ya alimini iliyoungwa njiani, iache.

Chuma ni kizito zaidi, lakini kinavumilia, na fundi mwenye akili anaweza kukiunga. Kilicho bora ni kile kilichochanganywa na kromu na molibdeni. Mara nyingi karatasi iliyobandikwa inaandika "CrMo" ama "4130". Ukiandikiwa "Hi-Ten", ni chuma cha kawaida: kizito, lakini si kibaya kwa kubeba.

Basi, kwa kijana wa mjini anayetaka kushindana, alimini nzima ni nzuri. Kwa anayeishi mbali na mafundi, anayebeba mizigo kwenda kwenye machimbo, ningemshauri chuma.

Ipime kwa mwili wako

Kadri haina dawa kama si ya kimo chako. Mtu wa sentimeta 160 mpaka 168 atafute karibu inchi 15 ama 16. Wa 170 mpaka 178, inchi 17 ama 18. Wa zaidi ya 180, inchi 19 ama 20. Ikiwa kinga imefungwa yote, simama juu yake, miguu chini: kati ya bomba la juu na mwili wako ibaki nafasi ya vidole vinne. Mzazi, usimnunulie mtoto kadri kubwa ukisema ataikuta. Viatu vikubwa vinavumilika, kinga kubwa inaangusha.

Kitambaa na uzi

Omba kitambaa, pangusa matope yote. Rangi mpya juu ya kadri ya zamani ikufanye uulize, "Papa, inaficha nini?" Tazama pale mabomba yanapokutana: chini ya bomba la mbele linaloshika furshi, kandokando ya tundu la pedali, juu pale kiti kinapoingia, na nyuma pale ekseli inapokaa. Mstari mwembamba kama unywele unaweza kuwa ufa. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na furshi. Ukisikia kunyanzi ama uvimbe, kinga hiyo iligonga kitu kwa mbele.

Halafu uzi. Ufunge nyuma kwenye mdomo wa ekseli upande wa kuume, uupitishe mbele ya bomba la furshi, uurudishe mpaka mdomo wa kushoto, uukaze. Pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, pande zote mbili. Zikiwa sawa, ama zikiachana milimeta 1 ama 2, ni vema. Zikiachana zaidi, kadri imepinda.

Kijana mmoja wa machimboni alikuwa tayari kulipa kadri nyekundu, inang'aa kabisa. Ndani ya feza zile kulikuwa na minervali ya mdogo wake wa sekondari. Alitumaini kuirudisha kwa kazi ya kinga. Uzi ulionyesha milimeta 9 za tofauti, na chini ya rangi kulikuwa na kunyanzi. Kadri kama hiyo ikikatika kwenye mtelemko, furshi inaondoka peke yake na mtu anaanguka kwa uso. Alirudisha feza mfukoni, na muuzaji hakumshitaki kwa lolote. Kupima si tusi.

Je, vyombo vitapatikana?

Kadri za magurudumu ya inchi 26 zinauzwa rahisi, kwa sababu Ulaya wamekwenda kwenye 27.5 na 29. Kwetu hiyo ni faida, maana mipira ya 26 si ya kutafuta mbali. Chagua bomba la mbele lililo sawa juu na chini, la inchi 1 na 1/8. Yale yanayopanuka chini yanataka rulema nyingine. Tundu la pedali liwe na nyuzi za kufungia, si la kugongwa kwa nguvu. Bomba la kiti lije pamoja na nguzo yake, kwa sababu vipimo ni vingi. Ikiwezekana, kadri ikubali freni za mpira na za diski, zote mbili. Wala usifunge furshi ndefu kupita ile kadri iliyotengenezewa. Inavunja bomba la mbele.

Neno la mwisho ni kwa wazazi na vijana pamoja. Ulizeni kadri imetoka wapi, na mwombe karatasi yenye jina la muuzaji na namba iliyopigwa chini ya tundu la pedali. Namba ikiwa imesuguliwa, ondokeni. Bei rahisi ya kitu kilichoibwa inalipwa na jamaa nyingine, ambayo kijana wao alikusanya feza kama wewe.

Basi nenda Birere na sumaku, kitambaa, uzi na rula. Vyote vinaingia katika mfuko mmoja. Kadri ikishinda vinne hivyo, ndipo uanze kuulizia kilo na rangi.