AC 26 Siyo Kosa la Jinai! Masta wa Mikocheni Aache Kukomoa Watu Mezani

Kuna masta mmoja wa D&D pale Mikocheni, yule wa sauti nzito na mishumaa mezani, wiki hii amerusha klipu akijigamba kwamba hatimaye "amemkomesha" mchezaji wake asiyepigika. Watu wamemwagia makopa na emoji za moto. Kitu ambacho klipu haionyeshi ni kwamba jamaa aliyekomeshwa alitoka kwenye pambano lile akiwa mzima kabisa. Aliyekufa ni mhusika wa dada mmoja aliyekuwa na wiki ya tatu tu mezani, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu.

Kwa wasiocheza: AC hapa siyo ile ya kupooza chumba. Ni namba ya kinga. Adui akitaka kukupiga anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha bonasi yake, na jumla isipofika namba yako, panga limekata hewa. Basi. Zamani, tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa gemu hii Marekani mwaka 1974, namba ndogo ndiyo ilikuwa kinga nzuri. Toleo la tatu la mwaka 2000 likageuza, na tangu hapo kubwa ndiyo tamu.

Sasa huyo jamaa ni mpiganaji wa levo ya 6, aina ya Eldritch Knight. Deraya kamili ya chuma inampa 18, ngao inaongeza 2, mtindo wake wa kujihami unaongeza 1. Jumla 21. Akibanwa anatumia uchawi wa Shield unaoongeza 5, anafika 26 mpaka zamu yake inayofuata. Hakuna wizi hapo, kila kitu kimo kwenye kitabu cha mwaka 2014 wanachochezea. Na deraya ile inauzwa dhahabu 1,500. Dhahabu hiyo ilitoka wapi? Kwenye sanduku ambalo masta mwenyewe aliliweka pangoni. Anagawa kwa mkono wake, halafu analia kwamba watu wamepokea!

Orki wa kawaida kitabuni ana bonasi ya +5. Kwa kinga ya 21 anahitaji dadu itoke 16 au zaidi, yaani nafasi ya asilimia 25. Jamaa akiwasha Shield, orki anabaki kuomba 20 kavu tu, asilimia 5. Kweli inakera. Masta amekaa wiki nzima akiandaa pambano, halafu jioni nzima anasikia "umekosa, umekosa tena, pole." Na jamaa naye, ukweli usemwe, alikuwa anacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hapo alizingua.

Lakini dawa aliyoitoa masta ndiyo balaa. Aliwapa orki wake wanne bonasi ya +11. Kimya kimya, bila kuwapa silaha mpya wala kiongozi wa kuwapa nguvu, bila hata kasimulizi kadogo ka kuwaonya wachezaji kwamba hawa siyo orki wa kila siku. Kwa jamaa mwenye 21, nafasi ya kupigwa ikapanda hadi asilimia 55, na bado akiwasha Shield inashuka hadi 30. Kwa yule dada, mchawi mwenye kinga ya 12, orki wa kawaida walikuwa wanampata kwa asilimia 70. Sasa wakawa wanampata kwa asilimia 95. Yaani dadu isitoke 1 tu, kapigwa. (Ndiyo, hakuwa amewasha Mage Armor. Mgeni wa wiki tatu, na pale mezani hakuna aliyemkumbusha.)

Raundi ya pili alikuwa chini. Ya tatu, kwisha.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo mamasta wengi wa aina hii hawataki kuipiga. Ukipandisha bonasi ya maadui ili umfikie mmoja aliyejikinga, huyo mmoja anarudi kuwa mtu wa kawaida, na wenzake wote wanageuka karatasi. Toleo hili la tano lilitengenezwa makusudi namba zisipae hovyo, ili hata goblini wa +4 aendelee kuwa tishio ukishakuwa mkubwa. Masta anayetupa +11 kwa orki wa njiani amekwenda kinyume na injini ya gemu yenyewe, halafu anaita ubunifu.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa zilikuwepo, tele. Kinga haizuii kila kitu. Mtu wa chuma zito mara nyingi ni mzito wa kukwepa, na huyu jamaa wepesi wake ni 10, hana nyongeza yoyote. Adui mmoja tu mwenye Fireball ya ugumu wa 15, jamaa anashindwa kujiokoa kwa asilimia 70, na dadu nane za pande sita zinamshukia bila kuuliza ana AC ngapi. Hold Person je? Akiganda, hawezi hata kuwasha Shield, na kila panga linalompata kutoka karibu linahesabika pigo la hatari. Halafu kuna Heat Metal, uchawi wa kikatili kuliko yote kwa mtu kama huyu: deraya inageuka kikaango, uchawi unaweza kudumu dakika nzima, na deraya hiyo kuivua inachukua dakika 5. Hebu fikiria hiyo klipu ingekuwa tamu kiasi gani.

Na hata bila uchawi. Shield yenyewe jamaa anaimudu mara 3 tu kwa siku kwa levo yake. Mwongozo wa masta wa 2014 unazungumzia mapambano sita hadi nane ya kawaida au magumu kati ya usingizi mmoja na mwingine. Masta wa Mikocheni anaweka moja, kubwa, halafu watu wanalala. Kwa mpangilio huo, nani hatakuwa na kinga ya 26 muda wote? Mtu huyo hajawahi kulazimika kuchagua lini aitumie.

Kuna wanaomtetea, wanasema meza ni yake, sheria ni zake. Sawa, meza ni yake. Lakini jamaa alijenga mhusika wa kusimama mbele apigwe yeye ili wengine wapone. Ndiyo kazi aliyoichagua, na kwa miezi aliifanya vizuri. Usiku ule alisimama mlangoni na ngao yake, akafanya kila alichotakiwa kufanya, na bado aliyekuwa nyuma yake akafa kwa namba zilizopandishwa kwa ajili yake yeye.

Dada hajarudi. Ametoka kwenye group la WhatsApp bila kusema neno. Jamaa ameandika humo Jumatano kwamba kama tatizo ni ngao, yuko tayari kuiuza, acheze na 19, ilimradi dada aitwe. Masta amejibu kwa dole gumba. Orki bado wana +11.