Dakika 20 zinazoweza kuokoa goti la msichana anayecheza soka

UKIHUDHURIA mechi za wasichana kwenye michezo ya shule za sekondari, kuna tukio ambalo utaliona, kama si leo basi kesho. Mchezaji anakimbia na mpira, anageuka ghafla kumkwepa beki, hakuna aliyemgusa. Goti linaingia upande wa ndani, anaanguka akilishika kwa mikono miwili. Wengine husema walisikia kabisa kitu kikilia “pa!” ndani ya mguu. Anamwagiwa maji baridi, anatolewa nje akichechemea, mechi inaendelea. Jioni utasikia watu wakisema: aaah, ni bahati mbaya tu, michezo ndivyo ilivyo.

Hapo ndipo mimi nakataa. Watafiti wamelichunguza jeraha hili kwa miaka mingi, na wanachosema ni kwamba lina sababu zake na mara nyingi linaweza kuzuiwa. Tena si kwa pesa nyingi. Tunachokosa sisi ni mazoea.

Kinachokatika hapo ni kano moja ndogo katikati ya goti ambayo madaktari huiita ACL. Imeunganisha mfupa wa paja na ule wa muundi, na kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze mbele na goti lisiyumbe unapogeuka. Visa vingi vya kukatika kwake hutokea bila mchezaji kugongwa na mtu yeyote. Wanawake wanaocheza soka wako katika hatari angalau mara mbili zaidi ya wanaume, na baadhi ya tafiti zinataja hatari kubwa kuliko hiyo.

Hata waliofika kileleni hawajaponea. Kombe la Dunia la wanawake la 2023 lilichezwa bila Leah Williamson na Beth Mead wa Uingereza, wala Vivianne Miedema wa Uholanzi. Wote watatu walikuwa nje kwa sababu ya ACL. Januari 2024 ikawa zamu ya Sam Kerr wa Australia.

Kwa nini wasichana? Si ati ni wadhaifu. Wengi hutua chini baada ya kuruka huku magoti yameingia ndani, na misuli ya nyuma ya paja haina nguvu ya kutosha kusaidiana na ile ya mbele. Wengi pia huanza mazoezi rasmi wakiwa wamechelewa, huku wavulana wakiwa wamecheza tangu utotoni. Njumu nyingi zimeundwa kwa kipimo cha mguu wa mwanamume. Kuhusu mzunguko wa hedhi na homoni, jibu bado halijapatikana. FIFA imefadhili utafiti kuhusu suala hilo katika Chuo Kikuu cha Kingston jijini London. Majibu yamechelewa kwa sababu sayansi ya michezo imekuwa ikiwaangalia wanaume. Uchambuzi mmoja wa tafiti zilizochapishwa kati ya 2014 na 2020 ulipata kwamba zilizohusu wanawake pekee zilikuwa asilimia 6.

Lakini hatuhitaji kusubiri majibu yote ndipo tuanze. Mwaka wa 2008 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17. Timu zilipangwa kwa kura. Kundi moja lilipewa ratiba maalum ya kupasha misuli moto kabla ya mazoezi na mechi, jingine likaendelea na mambo yake ya kawaida. Msimu ulipoisha, majeraha makubwa katika kundi la kwanza yalikuwa karibu nusu ya yale ya kundi la pili.

Ratiba hiyo inaitwa 11+. Inachukua dakika 20 hivi: kukimbia polepole, kisha mazoezi ya nguvu ya tumbo na mapaja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, halafu kumalizia na mbio za kasi. Haihitaji mashine wala jimu. Mpira na kiwanja vinatosha, hata kiwe cha vumbi.

Usiniambie hayo ni ya wazungu. Jijini Lagos, Nigeria, watafiti waliijaribu kwa vijana wa kiume 416 wa ligi ya chipukizi, na majeraha yakapungua kwa asilimia 41. Kama imewezekana Lagos, itashindikana vipi Kakamega au Kilifi?

Hebu tuwe wakweli kuhusu kinachofanyika kwetu. Timu inashuka kwenye basi ikiwa imechelewa, wachezaji wanazunguka uwanja mara mbili, wanajinyoosha kidogo, firimbi inapulizwa. Mashindano yenyewe hubanwa ndani ya siku chache, mechi juu ya mechi, na misuli iliyochoka hailindi goti. Msichana akiumia, anapelekwa kukandwa kwa mafuta ya moto. Baada ya wiki chache uvimbe unashuka, anatembea vizuri, anasema yuko fiti. Anarudi uwanjani na goti linamchomoka tena, safari hii likiharibu na vitu vingine ndani. Kano iliyokatika kabisa haiungwi kwa kukandwa. Goti likivimba saa chache baada ya kuumia, nenda ukaonwe na daktari.

Hata waliofanyiwa upasuaji huharakishwa kurudi. Utafiti wa wanasayansi wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji alisubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuumia goti tena. Ila kalenda peke yake haitoshi. Msuli wa mbele ya paja upimwe, na ufikishe angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mzima. Goti pia liweze kunyooka kabisa na kukunjika bila taabu.

Upasuaji wenyewe una hatari zake, ingawa ni nadra. Goti linaweza kuingia viini, au kukakamaa kwa sababu ya kovu la ndani. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu. Ukiona shavu la mguu limevimba na linauma, au pumzi zinakukata ghafla, usingoje siku ya kliniki. Kimbia hospitali mara moja.

Haya yote yana uzito kwetu sasa kuliko zamani. Mwaka wa 2024 Junior Starlets walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, kule Jamhuri ya Dominika, na wakaichapa Mexico 2-1. Tangu hapo kuna wasichana wengi vijijini wanaoamini kwamba mpira unaweza kuwalipia karo na kuwapeleka mbali. Kwa msichana kama huyo, goti ndilo shamba lake. Na hasara haiishi uwanjani: takriban nusu ya wanaokatika ACL huonyesha dalili za gegedu kulika miaka 10 hadi 20 baadaye. Aliyeumia akiwa na miaka 16 anaweza kutembea kama ajuza kabla hajafika 40.

Kwa hivyo walimu wa michezo wafunzwe 11+, na waandalizi wa mashindano waweke muda wa kupasha misuli kwenye ratiba kama wanavyoweka muda wa mapumziko. Nawe unayecheza, usingoje kibali cha mtu. Mwambieni kocha wenu: dakika 20 kwanza, ndipo mpira.