Samaki Mkavu Akilowekwa Hukunjika

"Samaki mkunje angali mbichi." Ndilo jibu ninalopewa kila nikimwuliza mwanafunzi mwenzangu, aliyezaliwa kando ya Ziwa Kivu, kwa nini hajui kuogelea vizuri. Sisi wa kitivo cha lugha tusiikubali methali hii upesi hivyo. Kuna wenzetu walioanza Kiingereza wakiwa watu wazima na leo wanakifundisha.

Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alijifunza kuogelea akiwa amepita miaka 20. Katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, alimaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, na wengi wakamcheka. Hakuacha mazoezi. Miaka michache baadaye umbali uleule ulimchukua chini ya sekunde 57, kisha akawa kocha wa taifa lake.

Mtu mzima hushindwa kwa sababu zinazojulikana. Kwa hofu huinua kichwa. Kichwa kikipanda, miguu inazama, naye anavuta mwili kama anayepanda mlima. Tena hubana pumzi, akachoka kabla ya kufika popote. Atazame chini, uso ukiwa ndani ya maji, atoe pumzi humohumo taratibu, kisha ageuze kichwa ubavuni kuvuta hewa. Teke litoke nyongani, si gotini. Kila zoezi alifanye peke yake, katika maji ya kifuani, mbele ya mtu wa kumsahihisha. Kosa lisilosahihishwa hukomaa, kama matamshi mabaya.

Mtaniambia kwamba kuogelea hakuzuii ajali. Ni kweli. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyojaa kupita kiasi kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya waliokuwa ufukoni. Boti salama na majaketi ya kuokolea ni wajibu wa serikali, nasi tuudai. Lakini anayejua kulala juu ya maji na kupumua bila kuhangaika hupata dakika za kungoja mtumbwi umfikie.

Kwa hiyo naomba chuo kitutengee saa moja kwa juma, pamoja na mwalimu anayeijua kazi hiyo. Wahadhiri wetu nao waje. Huko majini sote tutaanzia darasa la kwanza.