Wingi wa Vipimo na Uhalali wa Kadirio

Mafunzo ya takwimu katika shule za sekondari aghalabu huanza na orodha ya namba zilizokwisha kupatikana. Mwanafunzi hujumlisha, hugawanya, hupata wastani, naye husifiwa kwa kukokotoa sawasawa. Namba hizo zilitoka wapi, na nani aliachwa nje, ni maswali yasiyoulizwa. Huo ni upungufu mkubwa, kwani kadirio huharibika mara nyingi zaidi shambani kuliko katika daftari.

Chukuliwe mfano wa Makere, wilayani Kasulu. Tuseme bwana afya anataka kujua ni watoto wangapi katika kila mia, wenye umri wa miezi 6 hadi 59, ambao mzingo wa mkono wao juu ya kiwiko haufiki milimita 125, kipimo kinachotumika kutambua utapiamlo. Kuwapima wote ni gharama. Kuketi zahanati siku ya kliniki ni rahisi, lakini watoto wanaoletwa ni wale wa nyumba za karibu, au wale ambao tayari wanaugua. Wa miteremko ya mbali, kati ya mashamba ya maharagwe na mihogo, hawaonekani. Hapo hata upande wa kosa haujulikani: huenda kadirio limezidi, huenda limepungua. Na chakula cha nyongeza kitagawiwa kwa kulifuata.

Sasa watoto 400 wachaguliwe kwa nasibu kutoka orodha kamili ya kaya, na 40 waonekane wamedhoofu. Kadirio ni asilimia 10. Kosa sanifu ni kipeuo cha pili cha 0.1 × 0.9 ÷ 400, yaani 0.015, likizidishwa mara mbili, kiwango cha kweli chakadiriwa kuwa kati ya asilimia 7 na 13. Ili upana huo upungue kwa nusu, hapana budi kupima watoto 1,600, si 800. Wengi hushangaa kwamba ukubwa wa wilaya nzima hauingii katika hesabu hiyo. Ikiwa sampuli ni sehemu ndogo tu ya wote, kinachotawala ni idadi ya waliopimwa.

Orodha kamili ndiyo shida. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa karibu na hapo mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, iligawanywa kwa kanda na vijiji, hivyo kuchagua kwa nasibu kulikuwa kwepesi kuliko katika vijiji vya wenyeji.

Wingi pekee haukuliokoa gazeti la Literary Digest la Marekani mwaka 1936. Lilipokea majibu zaidi ya milioni 2 likatabiri ushindi wa Landon. Roosevelt akashinda kwa takriban asilimia 61 ya kura. Majina yalitokana kwa sehemu kubwa na orodha za wenye simu na magari.

Mwalimu anaweza kulidhihirisha jambo hili bila kifaa cha thamani. Wanafunzi wote wapimwe kimo, wastani wa kweli uandikwe ubaoni, kisha majina yatiwe kikapuni na watolewe kumi kumi, mara nyingi. Wastani wa sampuli utayumba huku na huku kuuzunguka ule wa ubaoni. Baadaye wachukuliwe kumi kumi kutoka madawati ya mbele tu, ambako wafupi huketishwa. Majibu yatakaribiana sana, yote yakiwa chini ya wastani wa kweli.